Discovery yenye karatasi zote au Prado isiyojulikana ilikotoka?

Mzee wetu wa safu ya magari, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari za siku nyingi.

Nawaandikia kutoka Njombe, ninakofanya biashara ya mbao. Natafuta gari kubwa la viti saba, maana watoto ni wanne na mama mkwe hatumwachi nyuma. Liwe gari la kufika Ludewa wakati wa mvua, la kupanda Kitonga bila kuhema, na la kulala Dar siku ile ile lilipoondoka Njombe. Pesa ninayo taslimu, sikukopa. Lakini ni ya gari tu. Injini ikifa mwaka wa kwanza, ya kununulia nyingine sina. Mashangingi yenyewe, zile V8 za dizeli, nimeuliza bei nikashukuru nikaondoka.

Yamebaki mawili. Moja ni Land Rover Discovery 4 ya mwaka 2013, dizeli ya 3.0, otomatiki ya gia nane. Ilitoka Uingereza na sasa ina namba E. Jingine ni Prado ya 2012, dizeli ya 3.0, ile injini ya 1KD. Ilikuwa ya mradi, ikatembea miaka yake yote na namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, ikapigwa mnada, na aliyeichukua mnadani ndiye anayeniuzia. Discovery ni changa kwa mwaka mmoja, ndani ni sebule, na bado bei yake iko chini ya Prado. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara na najua mtu hauzi kizuri kwa bei ya chini ila ana sababu.

Mume wangu ameshaipenda Discovery. Ameikalia, amewasha muziki, amekwisha. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ni fundi Makambako, na yeye akisikia jina la gari hilo anaanza kucheka kabla hujamaliza sentensi. Nimewasikiliza wote wawili, nimezunguka gereji, na nimesoma mpaka macho yakauma. Nieleze nilichokipata, mnirekebishe nilipopotoka.

Ugonjwa wa Discovery ni krenki, ule mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni. Injini ile ya V6 ilibuniwa kwa ubia wa Ford na Wafaransa wa Peugeot na Citroën, ikawa inaundwa Dagenham, Uingereza. Ilianza na 2.7 kwenye Discovery 3 mwaka 2004, ikakuzwa kuwa 3.0 mwaka 2009, na imefungwa pia kwenye Range Rover Sport na Jaguar. Kinachotokea ni kwamba beringi za krenki zinalika au zinazunguka mahali pake, njia ya oili inaziba, kisha krenki yenyewe inakatika vipande viwili. Si zote, na zipo zilizotembea masafa marefu sana bila shida. Wengine wanalaumu oili kubadilishwa kwa kuchelewa, wengine wanalaumu beringi zenyewe, wengine wanasema krenki ni nyembamba kwa nguvu inayobebeshwa. Kinachonitisha mimi ni kwamba mara nyingi haitoi taarifa. Leo inanguruma vizuri, kesho mko katikati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni na watoto, imezima.

Na ikizima, kazi yake si ya chini ya mwembe. Kwa kazi nyingi kubwa za injini ile, mafundi wanaona afadhali wainue bodi nzima kutoka kwenye chesisi ndipo wapate nafasi ya kufanya kazi. Nimeuliza Njombe nzima nani ana vifaa vya kuinua bodi na kompyuta ya kusoma gari hilo. Nimetajiwa watu wa Dar na Arusha. (Naomba pia wale watakaonijibu kwamba Land Rover zimejaa Arusha na hazifi wasinitajie one ten. Defender yenye 300Tdi, ile dizeli ya zamani, anaitengeneza hata kijana wa baiskeli. Hii ni kitu kingine kabisa.)

Sasa Prado. Shemeji anaisifia kama mtoto wake, lakini nilipombana alikiri kwamba 1KD nayo ina lake. Washa, yaani pete za kuziba zilizo chini ya nozeli zinazorusha dizeli ndani ya injini, zikichoka, moshi wa mwako unapenya juu, unaingia kwenye oili, na oili inageuka lami. Ile lami inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chekeche inayovuta oili. Pampu inakosa cha kuvuta, beringi zinakauka, injini imekwenda. Na nozeli zikichakaa zikaanza kumwaga dizeli ovyo, pistoni zinaungua na kupasuka. Kwa hiyo na hii inakufa, tena kifo cha gharama.

Tofauti, anasema shemeji, ni kwamba 1KD inalalamika kwanza. Asubuhi inanoki ikiwa baridi, injini inazidi kutikisika gari likiwa limesimama, inatoa moshi, taa ya oili inachelewa kuzimika. Ukiwa na masikio unaiwahi. Washa zinabadilishwa hapa hapa, sampu inafunguliwa na chekeche inaoshwa, mkanda wa taiming una taa yake ya kukukumbusha. Spea ukikosa Njombe, unapiga simu Kariakoo, jioni inapakiwa kwenye basi.

Mpaka hapo mtasema nachelewa nini, nichukue Prado. Nami ningeshaichukua, lakini nilipoyatazama magari yenyewe badala ya majina yake, mambo yakageuka.

Prado hiyo haina karatasi hata moja ya matengenezo. Mradi ulifungwa, waliokuwa nayo hawapo, na muuzaji anasema kwa ujasiri kwamba magari ya wazungu yanatunzwa. Labda. Lakini gari la mradi linaendeshwa na madereva wa kila namna, kwenye barabara za vijijini, na mafuta analipa mwingine. Dashibodi inasoma kilomita 187,000, ila pedali ya breki imelika mpaka chuma kinaonekana na usukani unateleza kama kioo. Shemeji mwenyewe aliguna. Nilipomwuliza muuzaji kama naweza kufungua sampu kabla ya kulipa, alikubali mradi gharama iwe yangu. Nilipotaka nozeli zing'olewe zikapimwe, akabadilika uso, akasema kuna mteja mwingine anakuja na pesa.

Discovery ni kinyume chake. Mwenye gari ana namba yake ya usajili ya Uingereza. Kwa namba hiyo, mtu yeyote anaweza kuangalia bure kwenye tovuti ya serikali yao matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka wanaouita MOT, ambao gari binafsi linaanza kufanyiwa likitimiza miaka 3. Kila ukaguzi unaandika maili zilizosomwa siku ile na kasoro zilizoonekana. Nimeangalia. Maili zinapanda kwa utaratibu mwaka hadi mwaka, na wa mwisho unasoma kama maili 96,000, yaani kilomita 154,000 na ushei. Dashibodi ya leo inalingana na hayo ukijumlisha ilichotembea hapa nchini. Kasoro zilizoandikwa ni matairi, bushi za mbele na kutu kidogo ya chesisi, ile ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji.

Kitabu cha sevisi nacho kipo, kimegongwa mihuri yote. Mume wangu alinionyesha kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini hapo ndipo ninapotaka Mzee unisaidie. Ratiba ya kiwanda kule Uingereza ilikuwa sevisi kila maili 16,000 au mwaka mmoja, kimoja kitakachotangulia. Maili 16,000 ni zaidi ya kilomita 25,000 kwa oili ile ile! Hapa kwetu hata dereva wa fuso angekuona mwendawazimu. Kama ni kweli kwamba oili iliyokaa muda mrefu ndiyo inayoua beringi za krenki, basi hiyo mihuri inanithibitishia kwamba mwenyewe alikuwa mtu mwaminifu aliyefuata ratiba yenye kasoro. Tangu iingie nchini inabadilishiwa oili kila kilomita 7,000, risiti ninazo. Je, hilo linatibu kilichokwisha kulika, au linachelewesha tu? Jambo jingine ni mikanda. Injini hiyo ina mkanda wa taiming mbele na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli. Kwenye karatasi zote sikuona palipoandikwa kwamba imebadilishwa.

Kuna mpwa wangu yuko Texas, nilimwomba ushauri akanicheka, akaniambia hata wenye pesa ya gari jipya hawajasalimika. Aprili 2025 General Motors waliita yarudi kukaguliwa magari karibu 600,000 nchini Marekani yenye V8 ya lita 6.2, ya miaka ya 2021 hadi 2024. Humo mna Tahoe, Suburban, Yukon na Escalade, magari makubwa kuliko yote ninayoyataja hapa. Kasoro ilikuwa kwenye krenki na konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Yaliyopimwa yakaonekana salama yaliwekewa oili nzito zaidi, 0W-40 badala ya 0W-20. Na Toyota hao hao tunaowaapia, Mei 2024 waliita takriban magari 102,000 ya Tundra na Lexus LX kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyoachwa ndani ya injini wakati wa kuiunda kiwandani. Injini ya ukoo huo huo inafungwa pia kwenye Land Cruiser 300 ya petroli yenye turbo.

Habari ya oili ya Wamarekani haijanitoka kichwani. Kama kampuni kubwa namna ile inaweza kuongeza uzito wa oili ili kulinda beringi, je, mtu wa Njombe mwenye Discovery naye aongeze, au atakuwa anaharibu turbo na mengine? Shemeji anasema ongeza. Fundi mmoja wa Land Rover wa Dar niliyempigia simu anasema usithubutu, tumia ile ile iliyoandikwa kitabuni ila ibadilishe mapema. Wote walisema kwa uhakika ule ule.

Shemeji ana jibu la tatu. Niachane na dizeli, niagize Japani Prado ya petroli 2.7, injini ya 2TR, yenye cheni badala ya mkanda. Anasema injini hiyo haina ugonjwa wa kutisha wowote anaoujua, na mafundi wengine niliowauliza hawakumpinga. Nimeiendesha moja. Ni kweli imetulia, lakini gari la tani mbili na watu saba na mizigo, nikiwa nyuma ya lori pale Kitonga nataka kulipita, nilikanyaga mpaka mwisho na lori likaendelea kuwa mbele. Petroli nayo inakunywa. Na za umri ninaoumudu zinakutana na ushuru wa uchakavu bandarini.

Swali langu, kwa hiyo, si gari gani lina injini nzuri, maana kwa majina nimeshajibiwa na kila mtu. Nauliza mnapimaje kati ya gari lenye injini mbaya ambalo maisha yake nayajua, na gari lenye injini nzuri ambalo maisha yake siyajui. Karatasi zile za MOT zina uzito gani mbele ya krenki inayoweza kukatika bila kuaga? Na je, kukata filta ya oili ya Discovery na kutafuta chembe za chuma kunatosha kuniambia hali ya beringi, au chembe zinaonekana wakati ambapo kazi imeshakwisha?

Kwa walio na Discovery 4 mikoani, si Dar, naomba mseme ukweli. Mmekaa nayo muda gani, nani anaitengeneza, na iliposimama ilirudi barabarani baada ya muda gani? Walio na 1KD nao waseme kama kuna aliyewahi kuinunua bila historia, akafungua sampu, na alikuta nini mle ndani.

Nimemwambia mume wangu kwamba kama ni Discovery, tutabakiza pembeni pesa ya mikanda yote na ya kulivuta gari mpaka Dar, wala haitaguswa kwa ada ya shule wala kwa mbao. Amekubali haraka mno, na ndiyo maana nina wasiwasi. Je, kiasi hicho kinatosha, au nihesabu kabisa na injini ya mtumba? Muuzaji wa Discovery amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wa Prado anapiga simu kila jioni.

Mama wa Mbao,
Njombe