Kompyuta Inayojizima Msimu wa Kaskazi

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba hadi Machi, swali linalotufikia dukani karibu kila siku ni hili: "Fundi, kompyuta yajizima yenyewe, ni virusi?" Mara nyingi si virusi. Ni joto.

Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, imeundwa ijilinde. Ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, ndiyo sababu waona mashine imekuwa nzito ghafla. Joto likizidi kupanda, umeme hukatwa papo hapo, hata ile kazi ambayo hukuihifadhi ikapotea. Inaudhi, lakini kule kuzima ndiko kulikoiokoa prosesa yako. Kwa hiyo tafadhali usiiwashe tena na tena ukitarajia itatulia. Iache ipoe kwanza, kisha utafute chanzo.

Na chanzo hapa kwetu kina sura yake. Chumba kikiwa na nyuzi 32, feni haina hewa baridi ya kuvuta, yazungusha joto lile lile. Juu ya hapo kuna vumbi la Mombasa. Vumbi kavu ukilipuliza hutoka, la kwetu hushikana na unyevu na chumvi ya bahari, likawa utando mzito kwenye mapezi ya bati linalopoza prosesa. Mashine zilizokaa karibu na barabara ya malori kule Changamwe tumezifungua tukakuta mapezi yamezibika kabisa, hakuna hata mwanya wa hewa.

Kabla hujamwita fundi, angalia saa. Ikizima sekunde chache baada ya kuwaka, huenda feni ya prosesa haizunguki, au bati halikukaa sawasawa. Ikichukua robo saa au nusu saa, hasa ukiwa na video au michezo, shuku vumbi, au ile grisi ya prosesa tunayoiita pesti kuwa imekauka. Lakini ikizima wakati wowote, hata alfajiri kukiwa na upepo mzuri, au kila printa ya leza inapoanza kuchapa kwenye ekstensheni ile ile, hapo tazama stima na pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachoipa mashine umeme. Printa ya leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Kipimo kingine chepesi: fungua ubavu wa mashine, elekeza feni ya mezani ndani, kisha fanya kazi kama kawaida. Isipozima, umeshapata jibu. Usiiache wazi hivyo siku zote, lakini. Mijusi na mende wa hapa hawahitaji kukaribishwa mara mbili, na tumeshatoa mjusi aliyekaukia kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani.

Mwanamama mmoja mwenye duka la kuchapisha fomu Kongowea alituletea mashine iliyokuwa ikizima kila baada ya dakika chache. Alikuwa ameambiwa kwingine kwamba madabodi imekufa, naye amekaa wiki mbili bila kazi akitafuta pesa za kununua mpya. Tulipofungua, mguu mmoja kati ya minne ya plastiki inayobana feni ya prosesa ulikuwa umechomoka, bati limeinuka upande, pesti imekuwa kama chaki. Tukaipangusa, tukapaka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukaibana miguu yote. Iliacha kuzima. Iliniuma sana kufikiria zile wiki mbili.

Kusafisha waweza mwenyewe. Chomoa waya ukutani, toa mashine kibarazani, shikilia feni kwa kidole isizunguke, kisha tumia blowa ya kupuliza hewa au brashi laini. Usipulize kwa mdomo, mate huingia. Mashine ya kufyonzea vumbi la zulia pia iache, huweza kuzalisha umeme tuli unaoua vipuri. Na pawasaplai usiifungue kamwe: ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Ukirudisha mashine mahali pake, iachie angalau shubiri moja kutoka ukutani. Yale makabati ya meza yaliyofungwa pande zote ni tanuri, hata kama yapendeza.

Ukija kwetu, lete kisanduku chenyewe tu na waya wake wa stima, skrini na kibodi tunazo. Tuambie huchukua muda gani kabla ya kuzima. Twafungua mbele yako, twakuonyesha joto kabla na baada ya kazi, na kipuri hakibadilishwi mpaka uone kwa nini kinabadilishwa. Wenye ofisi au saiba yenye mashine tano na zaidi, twawafuata hapo hapo na blowa yetu. Bora tupange mwezi wa Novemba, kaskazi haijaanza kuvuma.