Tujaribu kwenye kompyuta kabla ya kujaribu kwenye udongo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ardhi inayotengwa kwa mafunzo ya kijeshi, ambayo hatuijadili sana kwa kuwa raia hatuingii humo, ingawa maji ya mvua yanayotoka humo hayaombi kibali kabla ya kuteremkia mashambani kwetu.

Huko Marekani jeshi limewahi kutumia programu iitwayo EDYS, inayokokotoa jinsi unyevu wa udongo, nyasi, vichaka, moto, malisho na msukosuko wa magari ya kivita vinavyoathiriana mwaka hadi mwaka. Fort Bliss, katika ukame wa Texas na New Mexico, ni mojawapo ya maeneo yaliyofanyiwa hesabu hizo. Msimamizi huweza kuuliza nyasi zitachukua muda gani kurudi iwapo vifaru vitapita mahali fulani msimu mzima, akapata makadirio kabla kifaru hakijawashwa.

Kwetu Dodoma, ambako karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, swali hilo ni zito. Gari zito likipita udongo ukiwa umelowa, huushindilia. Maji hushindwa kuzama, hutiririka juu, na njia ya magurudumu huwa mwanzo wa korongo. Kwa hiyo ratiba ya mazoezi yenyewe ni jambo la hifadhi ya ardhi.

Kondoa tunaikumbuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Uoto ulirudi, lakini wafugaji ndio waliobeba gharama. Sidai kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa. Nasema tu kwamba hapakuwa na namna ya kupima kwanza kama kupunguza mifugo, au kuipumzisha ardhi kwa zamu, kungetosha.

Hata hivyo, programu kama hiyo iliyolishwa takwimu za Texas haitajua lolote kuhusu mimea yetu. Inahitaji vipimo vya mvua na udongo vya hapa, pamoja na wazee wa Kigogo wanaojua ni majani gani hutoweka kwanza ng'ombe wakizidi. Chuo Kikuu cha Dodoma kingeweza kuanza na ukanda wa nje ya mipaka ya maeneo ya mazoezi ya kijeshi, ambako hakuna siri ya kulinda, na matokeo yakapelekwa kwenye halmashauri za vijiji vilivyo chini ya mteremko kabla ya msimu wa kilimo.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma