Shukrani kwa fundi umeme mstaafu

Mzee wetu, shikamoo. Nakushukuru hadharani kwa ulichowafanyia wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Dodoma. Maabara yetu haina vifaa, na mada ya umeme walikuwa wanaikariri tu.

Ulikuja na dainamo ya baiskeli, ukaifungua mezani, kila mmoja akazungusha sumaku ndani ya koili hadi taa ikawaka. Ukawaeleza kuhusu bwawa la Mtera: maji ya mto Ruaha Mkuu huzungusha mitambo ya megawati 80, kisha huteremka kuzalisha umeme tena Kidatu.

Binti mmoja aliuliza kwa nini umeme usafirishwe kwa kilovolti 220, yaani volti 220,000, wakati nyumbani tunatumia volti 230. Swali zuri sana! Ulimpa chaki, mkakokotoa pamoja: kwa umeme uleule, volti zikipanda mara 10, mkondo hushuka mara 10, na joto linalopotea kwenye nyaya hushuka mara 100. Kisha ukatoka nao kuwaonyesha transfoma ya mtaani, inayoshusha volti kabla umeme haujafika nyumbani, kwa mbali, ukiwakataza kabisa kuisogelea.

Hata nauli ulikataa. Mungu akuzidishie afya. Mafundi wastaafu wengine, shule za kata ziko jirani nanyi, karibuni sana.