Kabla hujachora menyu

Ipagala, Dodoma

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wanasoma, vumbi ndilo hilo unalolijua tangu tukiwa chuoni UDOM. Nimefurahi sana kusikia umekabidhiwa tovuti ya miongozo ya programu yenu ya SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, menyu na utafutaji vyote vifumuliwe upya. Umeuliza uanzie wapi. Nakuomba usichore chochote mpaka uwe umesoma watu wanaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia.

Yetu, kama unavyojua, ni miongozo ya programu ya bili za maji. Wanaoitumia ni makatibu na wahazini wa vile vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyotambuliwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, huko Bahi, Chamwino na Kongwa. Mtu ana simu, bando lake ni la kubana, na mteja amesimama mbele yake anadai bili si ya kwake. Anahitaji jibu sasa hivi. Menyu ya zamani ilimkaribisha kwa "Moduli", "Usanidi" na "Usimamizi wa Ingizo", maana ilifuata jinsi programu ilivyopangwa ndani. Aliyeiandika programu anapita humo akiwa amefumba macho. Mhazini wa Bahi hana sababu yoyote ya kujua moduli ni kitu gani.

Katika kumbukumbu za utafutaji, yaani orodha ya yote watu waliyoandika kwenye kisanduku, anza na maneno yaliyorudi mikono mitupu. Kwetu "kontroli namba" ilikuwa juu kabisa, imeandikwa kila namna: kontrol, kontro, kontroo. Miongozo ilisema "kumbukumbu namba ya malipo". Ukurasa upo, umeandikwa vizuri, na watu hawaufikii. Mambo ni yale yale kwa "mita" pale miongozo iliposema "dira", na "yuniti" pale iliposema "mita za ujazo". Tukatengeneza faili la visawe, linaloiambia injini ya kutafutia neno gani la watu ni sawa na neno gani la miongozo; ni la maandishi ya kawaida tu, ambalo hata asiyejua kuandika programu anaweza kuliongezea mstari. Sijaona kazi ndogo iliyoleta faida kubwa kama ile. Kwenu natarajia utakuta "rejesho" limeandikwa namna tano.

Kwa makosa ya tahajia utashauriwa utumie kipimo cha Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu ni herufi ngapi ziongezwe, zifutwe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Kitumie, lakini kwa maneno marefu tu. Ukiruhusu kosa la herufi moja kwenye maneno mafupi, anayetafuta "bili" ataletewa kila ukurasa wenye "mbili", na anayetafuta "deni" ataletewa "dini".

Halafu kuna jambo ambalo injini nyingi za kutafutia hazikuandaliwa kwalo, nalo ni lugha yetu yenyewe. Kanuni aliyochapisha Martin Porter mwaka 1980, ambayo bado inatumika mahali pengi, hukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili maneno ya shina moja yakutane. Vitenzi vyetu vinabadilika mbele na nyuma. Mtu anaandika "bili haijafutwa", ukurasa unasema "kufuta bili", na kwa mashine hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Tulichofanya ni kuvunja kila neno katika vipande vya herufi tatu tatu na kuviweka kwenye faharasa pamoja na neno zima. "Haijafutwa" na "kufuta" vikakutana kwenye "fut". Lakini tulipojaribu, aliyeandika "futa bili" akaletewa juu kabisa ukurasa wa kurekodi mafuta ya jenereta ya pampu! Kwa hiyo neno zima lipewe uzito kuliko kipande, na kichwa cha ukurasa kuliko maelezo ya ndani. Jaribu kwa maneno halisi ya watu wako, si ya kubuni mezani.

Kuhusu uzito, kumbuka pia alichoonyesha Karen Spärck Jones mwaka 1972: neno linalopatikana kwenye nyaraka chache libebe uzito kuliko lile lililojaa kila mahali. Huenda injini yenu inafuata hesabu ya namna hiyo. Kwetu "maji" halina uzito wowote, kwenu litakuwa "mkopo". Mtu akiandika "mkopo umekwama", kila kitu kinaegemea "umekwama", na kama hakuna ukurasa unaotaja kukwama, amekosa. Ndiyo maana nasisitiza kila ukurasa ufunguliwe kwa sentensi moja inayotaja tatizo jinsi mwanachama anavyolilalamikia dirishani.

Kwenye menyu tunatofautiana kidogo. Najua umeupenda mpango wa Daniele Procida, ule wa Diátaxis, unaogawa miongozo katika aina nne: mafunzo, maelekezo ya kazi, marejeo na ufafanuzi. Mimi pia naupenda, wakati wa kuandika. Unamzuia mwandishi asichanganye hatua za kazi na hadithi ya kwa nini. Lakini usiifanye hiyo kuwa milango minne ya tovuti, kwa sababu karani mwenye foleni hajui kama anachohitaji ni marejeo au ufafanuzi. Anajua anataka kupokea malipo.

Fanya zoezi la kadi. Andika kila kazi kwenye kadi yake, wape makarani, wapange wenyewe, wewe nyamaza. Mama mmoja mhazini alishika kadi ya "mita imerudi nyuma", yaani namba iliyosomwa ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita. Sote tulitegemea aipeleke kwenye usomaji wa mita. Akaiweka kwenye malalamiko ya wateja, akasema yeye haijui taabu hiyo mpaka mteja aje na bili mkononi. Wenzake wakaitikia. Sasa ukurasa huo una viungo pande zote mbili, na menyu inafuata mwezi wao wa kazi: kusoma mita, kutoa bili, kupokea malipo, malalamiko, ripoti.

Mengine ni madogo. Kwenye simu, kisanduku kionekane wazi juu ya ukurasa, kisifichwe nyuma ya alama ya lensi. Na viungo vya zamani usiviue, kila kimoja kielekezwe kwenye ukurasa mpya, maana vimehifadhiwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu wanavitumia.

Nitumie kumbukumbu zenu za utafutaji za miezi michache, ukiondoa kwanza majina na namba za wanachama walizoandika humo. Nitazipitia na kukuanzishia faili la visawe. Ukipata nafasi panda treni ya SGR uje, tukae na kadi mezani siku nzima.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi swahiba wako