Gurudumu lililopinda, na jibu la swali lako

Ngamiani, Tanga
14 Juni

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mama watoto, pamoja na mzee ambaye mara ya mwisho uliniambia kwamba goti linamsumbua. Sisi huku hatujambo, ila mimi nimechubuka kiwiko, na sababu ya kuchubuka huko ndiyo iliyonikumbusha kwamba nina deni la kukujibu.

Uliniandikia kwamba mgeni mmoja alikuuliza, mkiwa mmesimama pale kwenu Bagamoyo, Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, iweje mizigo yote ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ibebwe vichwani na mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na frasila mbili zake, yaani kilo 30 na ushei, bila kuonekana mkokoteni hata mmoja. Ukasema ulinyamaza, na moyoni ukaona haya, kana kwamba kunyamaza kwako kumethibitisha kuwa wazee wetu walishindwa kubuni kitu chepesi hivyo. Haya hiyo, sahibu, haikuwa na mahali pake, na nitakueleza kwa nini.

Jumatatu iliyopita nilikuwa narudi kutoka Chumbageni kwa baiskeli, jioni, nikaingia katika shimo lililofunikwa na maji ya mvua. Mimi nilianguka ubavu. Gurudumu la mbele lilijikunja likawa kama chapati iliyotolewa jikoni mapema. Kesho yake nikalipeleka kwa fundi, mzee ambaye anatengeneza baiskeli chini ya mwarobaini tangu sisi tuko shule, na kwa kuwa sikuwa na haraka nikaketi kwenye gogo nikamtazama.

Aliipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na kiti. Akalizungusha gurudumu taratibu, akashika kipande cha chaki kwa kidole gumba karibu na ringi bila kuigusa, na kila mahali ringi ilipoyumba ikajipaka chaki yenyewe. Pale penye alama upande wa kulia alikaza spoku za kushoto robo mzunguko, akalegeza kidogo za kulia, akazungusha tena. Hakutumia nguvu hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini asiinyooshe kwa nyundo, alinitazama kwa huruma, akaniambia nizipige spoku kwa ukucha nisikilize. Zilizokazwa sawasawa zililia kwa sauti moja, na iliyolegea ikatoa mlio wa kopo.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimeliendesha miaka 40 bila kulijua. Spoku ni waya mwembamba. Ukiusimamisha peke yake na kuukalia, unapinda papo hapo. Haubebi mzigo kama nguzo ibebavyo paa. Kinachobeba ni mvuto: waya zote zinaivuta ringi kuelekea katikati kwa wakati mmoja, na ukipanda, zile za chini hupungukiwa kidogo na mvuto wao, basi. Wazo la gurudumu la waya zilizovutwa namna hii alikuwa nalo Mwingereza George Cayley mwaka 1808, na cha kuchekesha ni kwamba hakuwa akifikiria baiskeli; alitaka magurudumu mepesi kwa ajili ya chombo cha kuruka angani. Mpira wa upepo ulifuata baadaye, mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop alipouweka kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu huko Belfast.

Lakini swali lako linahusu mambo ya kale zaidi, kwa hiyo nirudi nyuma. Kitu cha duara kinachobingirika si uvumbuzi. Hata nazi inabingirika. Kazi ngumu ipo katikati, kwenye ekseli, yaani ule mti au chuma kinachopita kwenye tundu la gurudumu. Tundu likibana, gurudumu haligeuki. Likiachia, linayumba mpaka livunjike. Ekseli ikiwa nene, msuguano unakula nguvu yote ya mvutaji. Ikiwa nyembamba mno, inakatika kwa uzito. Fundi wangu analimaliza tatizo hilo kwa gololi na grisi, lakini mtu wa kale alikuwa na mbao na shoka tu. Mwaka 2002, katika kinamasi karibu na Ljubljana, nchini Slovenia, lilichimbuliwa gurudumu la mbao lenye umri wa miaka zaidi ya 5,000, pamoja na ekseli yake. Tundu lake la katikati ni la mraba. Maana yake ni kwamba ekseli ilipigiliwa kwenye gurudumu, na vyote viwili vilizunguka pamoja.

Usidhani kwamba namna hiyo ilikufa. Nenda stesheni yoyote utazame behewa kwa chini: magurudumu mawili na ekseli yake ni kitu kimoja, havizunguki mbali mbali. Reli yetu ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, imepandishwa na magurudumu ya jinsi hiyo tangu siku ya kwanza. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, nawe ungetazamia moja lao liburuzike. Ila uso wa gurudumu la treni umechongwa kwa mshazari, mnene upande wa ndani, hivyo behewa likisukumwa nje kidogo, gurudumu la nje linakanyaga reli kwa sehemu yake pana na la ndani kwa sehemu yake nyembamba, na kona inapita yenyewe.

Sasa nije kwa mgeni wako. Gurudumu na ekseli haviendi popote bila vitu viwili vingine, mnyama wa kuvuta na njia ya kupita. Watu wa Mexico ya kale walitengeneza vinyama vya udongo vyenye magurudumu madogo, kwa hiyo walilijua gurudumu vizuri kabisa, lakini hawakuwa na ng'ombe wala farasi wa kufungia mkokoteni. Huko Uarabuni, ambako jahazi zetu zilikuwa zikienda na kurudi, magari ya kukokotwa yalikuwapo zamani, kisha yakaachwa kwa karne nyingi kwa sababu ngamia hadai barabara wala daraja. (Nami nakaa Ngamiani! Sijawahi kumwona huyo ngamia.) Mfanyabiashara aliyetia nanga Bagamoyo hakutoka nchi ya mikokoteni hata aje kutufundisha mikokoteni.

Na kama unataka jibu la mkato la kumpa mgeni, mpe hili: ilijaribiwa. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani, kaskazini mwako tu hapo, na magari ya kukokotwa na maksai, wakitaka kufika Ziwa Tanganyika bila kutegemea wapagazi. Mbung'o waliwamaliza maksai njiani. Magari yakaachwa, mizigo ikarudi mabegani mwa watu, na ni mabega hayo yaliyoifikisha Ujiji mwaka uliofuata. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kujua kwamba katika pori lile mnyama pekee wa mizigo asiyeangushwa na mbung'o kirahisi ni binadamu, ingawa alilipa kwa miguu yake, na wengine kwa roho zao.

Hapa kwetu kila mkutano lazima mtu asimame atuhimize kusukuma gurudumu la maendeleo. Nilimtania fundi kuhusu msemo huo alipokuwa akinirudishia baiskeli. Alijibu kwamba yeye hajamsikia msemaji akitaja shimo.

Inshallah nitakuja baada ya Idi, nami nitapita njia ya Pangani na Saadani. Mbung'o wa Saadani bado wapo, kwa hiyo nitafunga dirisha. Mpe mzee pole ya goti, na umwambie nitamletea mafuta ya mwarobaini kutoka kwa yule yule fundi, ambaye anauza na hayo pia.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Tanga