Wauza samaki wa mapambo, tuambieni kwanza habari ya maji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua, najua watu wana makubwa ya kulalamikia, barabara, umeme, nauli, ila mimi leo nataka kuongelea samaki, na sio sato wala changu, naongelea hawa wa mapambo wa kwenye vioo ambao siku hizi unawakuta saluni, mapokezi ya hoteli mpaka kwa kinyozi wa mtaani.

Mwaka jana nilimnunulia binti yangu goldifishi wawili kwenye duka moja hapa Dar, jina naliacha. Jamaa akanifungia bakuli la duara la kama lita 5, kokoto za rangi na kikopo cha chakula, nikamuuliza kuna kingine cha kujua? akasema "bosi hawa hawana shida kabisa, maji yakichafuka badilisha." Basi, nikaondoka na furaha yangu.

Asubuhi ya siku ya nne nawakuta wote wawili wako juu kabisa ya maji, midomo nje, wanahema harakaharaka, matamvua mekundu kama yameungua. Mama watoto akasema wana njaa hao, tukawamwagia chakula. Mchana maji yamekuwa kama uji mwepesi, mimi nikajifanya fundi, nikamwaga yote, nikasugua bakuli na kokoto kwa sabuni mpaka zikang'aa, nikajaza ya bomba moja kwa moja, yale ambayo ukifungua koki unasikia harufu ya dawa. Jioni mmoja anaelea ubavu. Jirani akasema hicho ni kijicho, wageni wanawasifia sana. Tukamzika chini ya mpapai, binti analia kama kafiwa na mtu.

Sasa Mhariri, hapo hapakuwa na kijicho wala njaa. Nimekaa nikajifunza, na kila nilichofanya siku ile kilikuwa ni kumuua. Samaki anakula, anajisaidia na kuhemea kwenye maji yaleyale, na uchafu wake pamoja na chakula kilichobaki vinatoa amonia, ambayo kwa samaki ni sumu hasa, inamchoma matamvua ndo maana yanakuwa mekundu na anakimbilia juu. Ziwani au mtoni maji ni mengi na kuna bakteria wanaoibadilisha hiyo amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaibadilisha naitraiti kuwa naitreti ambayo haina makali sana, hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaji na maji ya bomba, wanaota wenyewe taratibu kwenye sponji la filta (kile kimashine cha kuchuja maji), kwenye mchanga, kwenye mawe, na inachukua kama wiki 4 mpaka 6 hivi. Kabla ya hapo maji yanaweza kuwa meupe pee unayaona mpaka ukuta wa nyuma lakini bado ni mabichi. Mimi nayaita hivyo, maji mabichi, lazima yaive. Unaweka tanki, unawasha filta, unadondosha chakula kidogo kidogo kama vile samaki yupo ili bakteria wapate cha kula, na unasubiri, tena unapima kwa vile vipimo vya matone mpaka amonia na naitraiti zote zisome sifuri. Ukiwa na rafiki mwenye tanki la zamani muombe kipande cha sponji lake chafu, chafu hivyohivyo, inafupisha safari sana.

Hili ndilo nawalaumu wauzaji. Sijaona hata duka moja likimwambia mteja nunua tanki leo, samaki njoo mwezi ujao. Wanakuuzia vyote siku moja, wakifa unarudi kununua wengine, biashara inaenda. Na lile bakuli la duara, kwa goldifishi, ni dhuluma kabisa. Goldifishi akitunzwa anafika sentimita 20 na zaidi na anaishi miaka 10 na kuendelea, sasa lita 5 anageukia wapi? Halafu yeye ni samaki wa maji ya ubaridi kiasi, Wachina wamemfuga zaidi ya miaka elfu moja kwenye madimbwi, na joto la Dar mwezi wa kwanza maji yanafika nyuzi 30, maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi, na amonia nayo inazidi ukali joto likipanda. Kwa hiyo vyote vinamjia kwa pamoja.

Kingine ni umeme. Ukikatika masaa mengi filta inasimama na wale bakteria nao wanahitaji hewa, wanaanza kufa mle ndani, umeme ukirudi filta inatapika uozo wote kwenye tanki. Mimi ukikatika muda mrefu natoa sponji naliweka ndani ya tanki lenyewe, na nina pampu ndogo ya hewa ya betri, na siku betri zilipoisha nilikaa na kikombe nachota maji nayamwaga kutoka juu, nachota namwaga, saa sita usiku, mama watoto ananiangalia tu. Inasaidia lakini, yakimwagika vile yanabeba hewa.

Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima klorini, ile dawa yenye harufu, itoke, au tumia dawa ya kuitoa. Badilisha robo ya maji kila wiki, sio yote. Sponji la filta lioshe kwenye hayo maji ya tanki uliyotoa, ukiliosha bombani klorini inaua bakteria unarudi mwanzo. Sabuni isikaribie kabisa. Chakula kile wanachomaliza ndani ya dakika 2, wakikosa siku moja hawafi, wanaokufa ni wa kushibishwa, na mgeni anayetaka kuwatupia chapati mzuie kwa heshima. Samaki mpya mtenge wiki 2 au 3 kwanza, ndo wanaoleta yale madoa meupe kama punje za chumvi, kimelea hicho, akiingia nacho wote wanapata.

Na kwa wanaotengenezesha kwa fundi vioo kama mimi, muulize silikoni anayotumia, ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu ni sumu kwa samaki. Na lita 100 ni kilo 100, hapo hujaweka kioo, mchanga wala mawe, mimi langu niliweka juu ya kabati la tivii likaanza kupinda katikati, nusura tuoge sebuleni.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya yote. Rafiki yangu wa Kigoma alikuja akaangalia goldifishi wangu aliyebaki (alipona, yupo kwenye tanki la lita 120 sasa, mnene) akacheka, akasema nyie watu wa Dar mnanunua samaki wa Kichina kwa hela nyingi na Wazungu wanatafuta wa kwetu. Na ni kweli, Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na watu Ujerumani huko wanawafuga vyumbani wanayaongezea maji madini kwa mawe ya chokaa ili yafanane na ya ziwani. Sisi wengine tuna maji ya kisima hapa ambayo sabuni haitoi povu na birika linafanya ukoko mweupe, yaani maji magumu, ambayo ndiyo wanayoyapenda, japo hakikisha hayana chumvi ya bahari. Kuna wadogo kabisa wa sentimita 4 au 5 wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, dume analinda mlango wa nyumba yake, ukisogeza kidole anakuja kukitisha. Hao tanki la lita 60 linawatosha. Ila sio wote ni wa mwanzoni, kuna wanaokula mwani tu, ule ukoga wa kijani wa kwenye mawe, ukiwapa chakula cha nyama matumbo yanavimba wanakufa, na kuna wale wenye nundu kichwani wanaofika sentimita 30, hao bila tanki la maana waache ziwani kwao.

Wenye maduka naomba kitu kimoja, bandikeni karatasi kwenye kioo, "maji haya yanaiva kwa wiki 4 mpaka 6," mstari mmoja tu. Na kama kuna msomaji anayeletaga hao wa makombe kutoka Kigoma mpaka Dar wakafika hai, aandike hapahapa gazetini. Tanki langu la pili lina wiki ya 5 halina samaki hata mmoja, watu wakija wanauliza kwanini nafuga mawe. Jana usiku nimepima, amonia sifuri, naitraiti bado kidogo.

Baba wa Samaki,
Tabata, Dar es Salaam