Osteopathi wa Marekani si yule wa Uingereza

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu kozi za afya nje ya nchi imenipa kazi ambayo sikuiomba. Tangu Jumapili simu yangu haijatulia. Mnisamehe, lakini pale mlipoandika kwamba osteopathi ni "daktari wa mifupa asiyetumia dawa" na kwamba masomo yake ni "miaka minne baada ya digrii", mmechukua watu wawili wa nchi mbili mkawashonea kanzu moja.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Nilisoma Moshi, pale KCMC, na huu ni mwaka wa 21 nashika migongo ya watu wa Tanga. Vijana wa fani yetu wanaotaka kusonga mbele huniuliza kila mara kuhusu osteopathia, tiba iliyoanza kama kazi ya kunyoosha viungo kwa mikono, kwa hiyo nimelazimika kuifuatilia.

Asili yake ni Marekani. Andrew Taylor Still alikuwa tabibu, na mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimuulia watoto watatu. Dawa za zama zake zilikuwa nyingi sumu tupu, naye akazikatia tamaa. Mwaka 1874 akaanza kutangaza njia yake ya kutibu kwa mikono, na 1892 akafungua shule katika mji wa Kirksville, Missouri, ambayo leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Sasa hapa ndipo watu hupotea. Shule za Marekani zilikwenda zikikaribiana na udaktari wa kawaida mpaka zikafanana nao. Mwenye herufi DO, yaani osteopathi wa kule, ni daktari kamili: anaandika dawa, anapasua, anazalisha. Anaingia akiwa na digrii ya kwanza, anasoma miaka minne, kisha anakwenda kuchukua ubingwa hospitalini bega kwa bega na wenye MD, madaktari wa kawaida. Kunyoosha viungo hufundishwa kwa saa mia mbili na ushei, na wengi wakishahitimu hawafanyi kazi hiyo tena.

Wa Uingereza ni mwingine. John Martin Littlejohn, Mskoti aliyesoma kwa Still, alifungua shule London mwaka 1917, na taaluma ikabaki kuwa ya mikono. Osteopathi wa huko haandiki dawa wala hapasui. Anachunguza mgongo, shingo, nyonga na misuli, anakanda, ananyoosha, anatoa mazoezi. Hata hivyo jina lake lina mwenyewe: kwa Sheria ya Osteopathi ya 1993, ukijiita hivyo bila kuwemo kwenye rejesta ya baraza lao, umefanya jinai. Njia ya kawaida, kama ile ya Chuo Kikuu cha Swansea, ni kuingia ukitoka shule na kutoka na shahada ya uzamili kwa miaka minne, yote kwa mkupuo. Aliyekwisha kuwa daktari au mtu wa fiziotherapia ndiye anayeweza kutafuta uzamili mfupi, akasamehewa aliyokwisha kuyasoma. Kwa hiyo hiyo "miaka minne baada ya digrii" yenu ni ya Marekani, na huyo "asiyetumia dawa" ni wa Uingereza.

Kwa wasomaji wenu wa Bujumbura na Bukavu, ambao wengi hutazama Ufaransa, kule ni miaka 5 na saa 4,860, na mwanafunzi hamalizi mpaka awe amehudumia wagonjwa 150 mwanzo hadi mwisho. Ila shule zenyewe kwa kawaida ni za binafsi. Vyuo vikuu hutoa diploma zake kwa mtu ambaye tayari ni daktari.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2010. Anayeanza bila msingi wowote wa afya, saa 4,200, na kati ya hizo zisizopungua 1,000 awe na wagonjwa huku mwalimu akimwangalia.

Hizo 1,000 ndizo zilizonifanya nikae kuandika.

Mwaka juzi nililetewa mama mmoja muuza samaki, kaja na mwanawe. Mgongo wa katikati unamuuma miezi minne. Alikuwa amekwenda kwa bwana mmoja mwenye cheti cha osteopathia kilichowekewa fremu ukutani, akavunjwavunjwa mgongo mara mbili, ukalia kama kuni kavu, akaambiwa arudi mara ya tatu. Nilimkalisha kitandani, nikashuka na kidole gumba pingili moja baada ya nyingine. Nilipofika chini kidogo ya mabega, pingili moja ilikuwa imejitokeza nje, ndogo tu, kama kifundo cha kidole. Nikaondoa mkono. "Mama, usiku unatoka jasho?" Akacheka kidogo, akasema, "Baba, kanga naikamua." Na gauni lilikuwa linampwaya. Picha na vipimo vikaonyesha kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Pingili ilikuwa inaliwa. Mgongo wa namna hiyo ukiuvunja tena kwa nguvu, mgonjwa anaweza kushuka kitandani akiwa hana miguu. Alianzishiwa dawa, na leo yupo sokoni anawakopesha watu changu.

Yule bwana simchukii. Mikono anayo, pengine kunizidi. Bibi yangu naye alikuwa mkandaji, hakusoma hata darasa moja, na miguu iliyoteguka ilimjua. Lakini bibi alikuwa na wagonjwa wengi wa kujifunzia na mama yake pembeni akimpiga kofi la mkono, "Hapo acha!" Mwenye cheti cha fremu hakuwa na wa kumwambia hapo acha.

Sasa sikilizeni. Siku mbili baada ya makala yenu, kijana ninayefanya naye kazi kanijia na simu. "Shikamoo mwalimu. Hii vipi?" Ni tangazo la "uzamili wa osteopathia", wiki sita, video tupu, cheti kinatumwa kwa barua pepe, shilingi milioni mbili na nusu. Nilimwuliza mambo mawili tu. Ukimaliza, ni baraza la nchi gani litakuandika kwenye rejesta yake? Na utamshika mgonjwa wa nani, mbele ya mwalimu yupi? Akashusha tangazo mpaka chini, akapandisha, akashusha tena. Hapakuwa na chochote.

Wala sisemi osteopathia halisi haina dosari. Ile ya kushika fuvu la mtoto ukisikilizia mapigo yasiyosikika, mimi mtanisamehe, ushahidi wake ni haba mno. Kwa maumivu ya kiuno faida ipo, ya wastani, na haipishani sana na tunayoipata sisi kwa mazoezi. Kijana wangu akitaka kweli kazi ya mikono bila kuvuka bahari, kaipraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo iliyo dada wa osteopathia, inafundishwa chuo kikuu Johannesburg na Durban.

Ninachoomba ni marekebisho, na yawekwe ukurasa uleule wa makala, si kule nyuma kwenye matangazo ya vifo. Milioni mbili na nusu ya kijana bado iko benki. Jana kaniambia anataka kuinunulia pikipiki.

Mtu wa fiziotherapia,
Tanga